Mabango ya Kaka Yangu

Chuoni, 9 Februari

Wifi yangu,

Salamu zikukute hapo karakanani na harufu yake ya tapentaini, kama bado inanuka. Mimi nipo. Sisemi mzima, nasema nipo. Nimeamua kuandika kwa sababu simu tumeijaribu mara tatu tangu tumzike kaka, na mara zote tatu tumelia kabla hatujamaliza kujuliana hali.

Habari za huku ni zilezile. Muhula umeanza, mabomba ya studio hayatoi maji. Wanafunzi wanasuuza brashi kwenye ndoo moja ambayo nahisi imewazidi umri. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Asubuhi nikipanda ngazi za idara nasimama ghorofa ya kwanza najifanya nasoma matangazo, kumbe napumua.

Sasa nina ombi. Kila mwaka tuna juma moja la msanii mgeni. Mtu wa kazi anakuja, anakaa na wanafunzi siku tano, wanaona kazi inavyofanywa na mtu anayeila na kuilalia. Ndivyo ilivyokusudiwa. Mwaka jana tulimleta mchonga sanamu mmoja, akaongea saa mbili na kutuonyesha picha za yeye amesimama kando ya sanamu zake. Ya sanamu peke yake hakuonyesha hata moja. Wanafunzi wa nyuma walilala. Wa mbele walilala macho wazi. Mkuu wa idara anasema juma hili ni biskuti na picha za pamoja, na anataka kulifuta. Mwaka huu ni wa majaribio, na majaribio hayo yamewekwa mabegani mwangu.

Nimemfikiria kaka. Yale mabango matatu ya zamani yaliyorudishwa na wateja, niliyoondoka nayo baada ya mazishi, la kinyozi, la fundi saa na la shule ya udereva, nimeyatundika studio. Tangu hapo nawasomesha wanafunzi kwa yale. Unaikumbuka makala yangu, ile iliyonipandisha cheo: jinsi mkono wake ulivyolainika ukubwani, herufi zikaacha kusimama kama askari zikaanza kukaa kama watu. Wewe ndiye uliyemchanganyia rangi na kumshikia ngazi maisha yake yote. Njoo uwaeleze alivyokuwa anafanya. Hata ukikaa tu kwenye kiti ukasimulia, yatosha.

Chumba cha wageni kipo, kina dirisha. Nijibu mapema.

Wifi yako,
Mwalimu

*

Karakanani, 20 Februari

Wifi,

Barua yako nimeipata. Nilifurahi mpaka nilipofika kwenye ombi.

Mimi si wa kuitwa chuo kikuu. Goti langu la kulia halipendi safari, na la kushoto linamuunga mkono. Karakana nayo siwezi kuiacha. Kazi hazipo, lakini siku nitakayofunga ndiyo atakayokuja mteja. Siku hizi kila duka lina bango la plastiki la kuchapwa, linachanika baada ya mvua mbili na wanachapisha jingine. Mwezi huu nimeandika bango moja tu, "Usitupe taka hapa", na waliponilipa wakatupa mfuko pale chini wakati naondoka.

Halafu niwaambie nini watoto wa watu? Mimi ni mtu wa kusuuza brashi. Tafuta mchoraji mwenyewe. Yupo yule aliyekuwa anapamba malori, bado ana macho na ana mdomo wa kutosha siku tano.

Nashukuru kwa kunifikiria. Pole na ngazi. Ukisimama kwenye matangazo, yasome kweli, pengine kuna kazi nyepesi.

Wifi yako,
wa karakana

*

Chuoni, 1 Machi

Wifi yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka sana juu ya magoti. Mara ya pili nikaona kwamba hunitaki.

Najua ni yale mabango. Niliyabeba siku ya pili baada ya mazishi kama mtu anayekimbia mvua, sikukaa hata nikuulize. Nilijiambia ni ya kaka yangu, kumbe ni ya mume wako. Nisamehe. Ukisema neno moja nitayafunga kwenye gazeti nikurudishie.

Na kama ni hofu ya chuo, usiwe nayo. Hakuna atakayekuuliza cheti. Wanafunzi wangu wanajua mengi ya kusemwa na machache ya kufanywa. Nimechoka kuwaambia habari za mkono, nikiwa nimesimama kwenye vumbi la chaki na mkono wangu mwenyewe haujashika brashi ya maana miaka kumi na moja. Wananitazama kama watu wanaosimuliwa chakula. Yupo mmoja wa mwaka wa tatu, binti mkimya mwenye miwani mikubwa. Wiki iliyopita alikuja ofisini kuulizia fomu ya kuhama idara. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu, sijawahi kumwona mtu anayeishi kwa kazi hii." Alisema hivyo huku ananitazama mimi.

Mchora malori ameniambia anaumwa mgongo. Mkuu wa idara anataka jina kabla ya tarehe kumi na tano. Bila jina, juma linakufa na halirudi tena. Siombi kwa ajili yangu.

Wifi yako,
Mwalimu

*

Karakanani, 12 Machi

Wifi,

Mabango kaa nayo. Sina hasira.

Nitakuja. Huyo binti ndiye aliyenimaliza. Lakini nina masharti, na ukiyavunja narudi kwa basi la siku hiyohiyo.

La kwanza, sitamzungumzia kaka yako. Wanafunzi wasiambiwe mimi ni mjane wa nani. Sema ni mwandika mabango, basi.

La pili, sifundishi kwenye hiyo studio yenye mabango yake. Nipe ukuta wa nje, wowote, hata wa choo.

La tatu, wasinirekodi. Mtu akitazama kwa simu mikono yake inakuwa kazini kushika simu.

Nahitaji kamba, chaki ya unga, ngazi isiyolegea, na rangi ya mafuta nyeusi, nyekundu na nyeupe. Brashi nakuja nazo.

Usiniulize sababu ya masharti. Ni uzee.

Wifi yako,
wa karakana

*

Chuoni, 25 Aprili

Mama Fundi,

Nimepata anwani yako kwenye kisanduku cha brashi ulichosahau. Tumekitunza. Mimi ni yule uliyeniita Miwani.

Sijui nianze na shukrani au na kuomba radhi. Nianze na shukrani kwa sababu ni rahisi. Siku ya kwanza ulitufanya tupige mstari mmoja asubuhi nzima kwenye vipande vya bati, kutoka kushoto kwenda kulia, bila herufi. Tulikuwa kumi na tisa. Saa nne tukawa kumi na wawili. Yule rafiki yangu anayechekacheka alikuuliza, "Sanaa itaanza lini?" Ukamjibu, "Ikianza utaiona, kwa sasa mstari wako unakwenda kunywa maji." Alikasirika akaondoka, lakini siku ya pili alirudi kabla yetu sote.

Siku ya pili ulipanda ngazi kwenye ukuta wa zahanati. Ulivuta kamba ya chaki, ukaiachia, tukaona mstari wa buluu umelala pale kama umetumwa. Ukaanza ZAHANATI YA WANAFUNZI. Nimesoma hapa miaka mitatu, Mama, na sijawahi kuona wanafunzi wa idara yetu wamenyamaza bila kulazimishwa. Uliharibu herufi ya H, ukaifuta kwa kitambaa, ukaiandika tena, wala hukujitetea. Sikujua kama mtu mzima anayejua kazi naye hukosea. Walimu wetu wanatuonyesha vitu vilivyokwisha.

Sasa radhi. Siku ya tatu ulikuwa umefika WANAF. Mwalimu alikuja kutuangalia, akasimama nyuma yetu na kikombe chake cha chai. Mimi nilikuwa naitazama ile A yako, jinsi mkanda wake wa kati unavyoshuka chini, kama mkanda wa mtu mwenye kitambi. Nikaijua. Tumeifanyia mtihani. Ipo kwenye bango la fundi saa studio, na Mwalimu ameiandikia ukurasa mzima. Nikasema kwa sauti, mbele ya wote, "Lakini bango la studio umeandika wewe."

Nilidhani nakusifu. Wallahi nilidhani Mwalimu atafurahi.

Ulisimama kwenye ngazi brashi ikiwa hewani, hukugeuka. Mwalimu akakuuliza, "Ni kweli?" Ukasema, "Ni kweli." Akaweka kikombe chini kwenye nyasi akaenda. Asubuhi yake tukaambiwa umesafiri.

Baadaye ndipo tulipojua wewe ni nani kwake. Nisamehe.

Ukuta tumeumalizia wenyewe. UNZI yetu inaonekana kama imeandikwa na mtu aliyekuwa anakimbizwa. Muuguzi anasema wagonjwa wanaisoma wanacheka, na kwamba wakicheka presha inashuka.

Fomu ya kuhama bado iko kwenye begi langu. Nilitaka kukuuliza jambo moja: mkono ukiogopa unafanyaje?

Mwanao,
Miwani

*

Chuoni, 3 Mei

Mke wa kaka yangu,

Nimesubiri siku kumi ili niweze kuandika kwa adabu.

Bango la fundi saa ni la miaka tisa kabla hajafa. Kwa hiyo ni miaka tisa. Miaka tisa nilikuwa nakuja likizo, nakula kwenu, nalala kwenu, na ninyi wawili mnanitazama.

Nimewafundisha wanafunzi uongo. Nimesimama mbele ya watu wazima wenye shahada na kusema huu ni mkono wa kaka yangu, huu hapa ni utulivu wake, hii ni amani aliyoipata baada ya kutulea sisi tulioachwa na wazazi. Nilipandishwa cheo kwa amani hiyo. Sasa naambiwa na mtoto wa mwaka wa tatu kwamba sikuwa nikimjua hata aliyeshika brashi.

Nataka kujua mambo mawili. Nani mwingine anajua? Na kaka alikuwa anacheka?

Mwalimu

*

Karakanani, 19 Mei

Wifi,

Anajua kinyozi, fundi saa, mwenye shule ya udereva, mwenye duka la vifaa, na mtaa mzima. Hakuna aliyesema kwa sababu hakuna aliyeuliza. Walikuwa wanasema fundi siku hizi anasimamia.

Hakucheka. Nitakueleza tangu mwanzo, na ukitaka kuchana uchane ukifika mwisho.

Ilianza kwenye bango la duka la dawa. Mkono wake wa kulia ulishikwa na mtetemeko. Mwanzoni alisema ni njaa. Akala, ukatetemeka. Akasema ni usingizi. Akalala siku nzima, akaamka, ukatetemeka. Tulikwenda hospitali mbili. Ya kwanza walitupa vidonge, ya pili walitupa jina la ugonjwa, na vyote viwili havikuandika herufi. Kazi ya duka la dawa ilikuwa imeshaahidiwa. Akashuka kwenye ngazi, akanipa brashi, akasema, "Panda." Nilikuwa na miaka arobaini na nne na sijawahi kuandika kitu kikubwa kuliko orodha ya sokoni. Nikasema siwezi. Akasema, "Umenitazama miaka ishirini, panda."

Alisimama chini akaniongoza kama mtu anayemwongoza dereva kurudisha lori nyuma. Kushoto kidogo. Hapo. Usipumue. Sasa pumua. Bango la kwanza lilikuwa baya. La kumi lilikuwa si baya. Bango la fundi saa alilitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kunawa uso.

Ile A uliyoiandikia ukurasa. Mkanda wake umeshuka kwa sababu mimi ni mfupi. Pale juu ya ngazi mkono wangu ulikuwa haufiki panapotakiwa bila kutikisika, nikaupiga chini kidogo. Nilitaka kufuta. Akasema, "Uache. Huo si wangu, huo ni wako." Nikauacha mpaka leo, hata kwenye ukuta mfupi.

Ukija likizo tulikuwa tunamkalisha na brashi kavu, na mkono anautia mfukoni. Ukamtania kwamba amekuwa bosi. Alicheka nawe, kisha ukilala anakaa pembeni ya kitanda ameushika ule mkono kwa mwenzake kama anayemshika kuku. Hakuogopa wateja. Alikuogopa wewe. Alisema, "Huyu nilimsomesha kwa huu mkono. Akijua umekufa ataacha kuandika atakuja kuniuguza." Angekosea?

Makala yako ilipofika nilimsomea mimi. Nilifika pale uliposema herufi zinakaa kama watu, nikashindwa kuendelea. Baadaye akasema, "Mdogo wangu ana macho. Amekosea jina tu." Nikamwambia basi tumwambie. Akasema, "Nikifa." Amekufa, nami nikashindwa.

Ningeweza kukomea hapo ukanihurumia, lakini hujaniuliza ili unihurumie. Nilinyamaza pia kwa ajili yangu. Makala ile niliiweka chini ya godoro. Nikiwa peke yangu nilikuwa naisoma, naweka jina langu pale palipo na lake. Sijawahi kusifiwa na mtu mwenye maneno mazuri hivyo. Nilitaka sifa na nilitaka kuficha, vyote kwa pamoja, na vimenichosha.

Na nilikudanganya niliposema sina hasira. Siku ya mazishi ulisimama ukasema habari za ile mikono. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu, rangi nyekundu bado iko chini ya kucha zangu, ya bango alilokuwa akiniongoza wiki moja kabla. Kesho yake ukabeba mabango matatu. Umechagua vizuri. Yote matatu ni yangu.

Nilikuja kwenu kwa sababu ya yule binti, na kwa sababu nilitaka siku tano tu nishike brashi mbele za watu nikiwa mimi. Nilizipata mbili na nusu.

Wifi yako, ukitaka,
wa karakana

*

Karakanani, 20 Mei

Miwani, mwanangu,

Hujafanya kosa. Umetazama, ukaona, ukasema. Nusu ya kazi hii ni hiyo. Radhi yako nimeirudisha kwenye bahasha.

Umeuliza mkono ukiogopa unafanyaje. Unaogopa hivyohivyo huku unaandika. Wangu unaogopa mpaka leo kwenye mstari wa kwanza wa kila ukuta. Usisubiri utulie, rangi itakauka. Egemeza kifundo ukutani, toa pumzi, vuta mstari kuelekea kwako, na usitazame ulipotoka.

UNZI msiifute. Kila mtu na aione mwaka mzima. Mwakani mtaiandika upya wenyewe, na mtajua mmetoka wapi.

Kuhusu fomu, sikuamulii. Kazi hii haina mteja siku hizi, nisikudanganye. Nimeishi kwa kazi hii, sijanenepa kwa kazi hii. Ukihama, hama kwa sababu umepata unachokitaka, usihame kwa kuchoka, maana uchovu utahama nawe.

Brashi zitumieni. Zikikaa kavu zinakufa.

Mama Fundi

*

Chuoni, 11 Julai

Wifi yangu,

Nimechelewa kujibu. Barua yako ilikaa kwenye droo wiki tatu imesomwa kurasa mbili, sikuwa na nguvu ya kufungua wa tatu. Nilipoisoma nilikaa kwenye kiti cha ofisi mpaka mfagiaji akaja kuniuliza kama naumwa.

Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia. Nimechoka mno, wifi, hata kwa hilo. Na kila nilipojaribu nilimwona kaka ameshika mkono wake kama anayemshika kuku. Angekosea, umeuliza. Hapana. Ningeacha kila kitu nikaja kumuuguza, na angenifukuza, na tungegombana mpaka kifo.

Nikueleze nilichofanya. Niliwaita wanafunzi studio, nikasimama chini ya mabango, nikasema: nilichowafundisha hapa ni kweli isipokuwa jina, na jina si jambo dogo. Nikawaambia aliyeandika ni mke wa kaka yangu, mliyemwona kwenye ngazi, na mkanda wa A umeshuka kwa sababu ni mfupi. Walicheka. Nami nikacheka, halafu nikalazimika kutoka nje kidogo. Niliporudi hakuna aliyeondoka. Yule anayechekacheka akaniuliza, "Mwalimu, na sisi ufupi wetu uko wapi?" Darasa lile lilichukua saa tatu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofundisha saa tatu bila kutazama saa.

Kisha nikaandika kwa waliochapisha makala. Mkuu wa idara aliniita akasema niache, hakuna anayesoma makala za zamani, nitajiaibisha bure nikiwa nimebakiza miaka mitatu. Nilimwambia aibu nimeshaipata, sasa natafuta faida yake. Watachapisha sahihisho, mistari sita. Jina lako limo lote, la kwanza mpaka la ukoo. Nimelitazama mara nyingi nisije nikakosea herufi.

Ripoti ya juma la msanii mgeni ina kisanduku cha idadi ya wanufaika. Mkuu alitaka niandike kumi na tisa. Nikaandika wanane, kwa sababu wanane ndio waliokuwepo siku ya tatu na ndio wanaokwenda zahanati kila Ijumaa kufanya mistari kwenye mabati. Kwenye kisanduku cha maelezo niliandika kwamba wanafunzi walimwona mtu akikosea na kurekebisha, jambo ambalo idara haijaweza kuwapa kwa miaka mingi, nikiwemo mimi. Alisoma, akavua miwani, akavaa tena. Juma limepitishwa kwa mwaka mmoja zaidi. Biskuti zimeondolewa.

Miwani hajahama. Usishangilie sana, somo la historia ya sanaa amefeli, na mwalimu wake ni mimi.

Mabango nakurudishia, au nibaki nayo kwa ruhusa yako. Nimeyatundikia kibao kipya chenye jina lako. Lakini nikueleze kinachonisumbua, maana sina mwingine wa kumwambia. Nimekupata wewe, nami nafurahi. Ila nilipokuweka wewe ukutani kaka akatoka. Miaka tisa yake ya mwisho sina chochote. Nilikuwa naingia studio asubuhi kabla ya wanafunzi, naweka kiganja kwenye lile bango la kinyozi, najiambia hapa alipita. Hakupita. Sasa nikiingia sijui niweke mkono wapi.

Nisamehe kwa kumaliza hivi.

Wifi yako,
Mwalimu

*

Karakanani, 2 Agosti

Wifi yangu,

Jina langu lote, la kwanza mpaka la ukoo. Nimemsomea fundi saa akasema sasa nitaanza kudai kiti cha mbele.

Mabango kaa nayo, safari hii nasema kweli.

Kuhusu kaka yako. Kuna kitu sijamwonyesha mtu, kwa sababu alinikataza na kwa sababu kinaniuma. Stoo ya nyuma ina mlango wa mbao unaofungukia ndani, kwa hiyo mtu akiwa karakanani haoni upande wake wa pili. Tangu mwezi ule wa duka la dawa, kila asubuhi kabla hatujafungua alikuwa anaingia kule peke yake na brashi. Anaandika S. Ndiyo iliyokuwa imemshinda zaidi, haina mahali pa kuegemea. Anaandika, inatetemeka, anaitazama, kisha anaipaka nyeupe ili aanze upya kesho yake. Miaka tisa, wifi. Hakuruka hata siku za homa. Nilikuwa nasikia brashi inavyogonga mbao, nami nakoroga uji najifanya sisikii.

Rangi imekuwa nene mpaka mlango haufungi. Ukiukuna pembeni kwa kucha unaona nyeupe na nyeusi, nyeupe na nyeusi, kama kurasa.

Asubuhi ya mwisho kifua kilimbana kabla hajaipaka nyeupe. Kwa hiyo ipo. Si nzuri. Inatetemeka yote kuanzia juu mpaka chini, lakini imefika chini.

Njoo uweke mkono. Njoo na Miwani na wale wengine saba, waione kabla mbao haijaliwa na mchwa. Mimi nitakuwa nje nikifunga ngazi. Huyo mgeni wenu wa mara hii, kaka yako, sitamsemea neno, atazungumza mwenyewe.

Chumba kipo. Hakina dirisha.

Wifi yako,
wa karakana